Binti wa Maganzo na Programu ya Kuandikia

 

Wiki iliyopita uliingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka kwa binti mmoja wa Maganzo. "Shikamoo baba," ndivyo alivyoanza, kisha akaandika ujumbe mrefu usio na neno hata moja lililokatwa. Amemaliza kidato cha sita. Mchana anakaa kwenye kibanda cha huduma za pesa kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza. Usiku anaandika riwaya, na amekwisha jaza kauntabuku tatu. Sasa kaka yake amemletea laptopu iliyotumika, naye anauliza aweke programu gani ya kuandikia. Fundi amemwambia aweke Word. Rafiki yake anasema WPS inatosha. Mwingine anamshauri aachane na laptopu, aandike kwenye simu tu kama wanavyofanya wenzake.

Marahaba, mwanangu. Siku ile nilikujibu kwa maneno mawili matatu, lakini nikaona jibu lenyewe hasa nije kulitolea hapa redioni, maana najua hauko peke yako. Kanda hii ya Ziwa ina watu wengi wanaoandika usiku. Wapo walimu, wapo makatekista, wapo vijana wanaoshinda kwenye mashimo ya madini na kurudi na daftari lililokunjwa mfuko wa nyuma. Na swali lako watu hulipeleka kwa fundi wa kompyuta. Fundi atalijibu kwa kuangalia mashine yako. Mimi nataka nilijibu kwa kuangalia riwaya yako, kwa sababu mashine hiyo itakufa. Laptopu iliyokwisha tumika, katika vumbi la Maganzo na umeme unaokuja na kuondoka, ikikufikisha miaka mitano umshukuru Mungu. Riwaya inatakiwa iishi zaidi ya hapo.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mchezo wa redio wa vipindi 13. Sikuwa na kompyuta. Nilipeleka madaftari yangu kwenye steshenari moja, sitalitaja jina lake wala mji wake, tukakubaliana bei kwa kila ukurasa. Kila jioni nilikwenda kukaa nyuma ya kijana mchapaji, namsomea naye anapiga. Zilitoka kurasa 143. Kazi ilipokwisha nikawekewa kwenye flashi, nikaitia mfuko wa shati, nikasafiri nayo. Nilipoichomeka kwenye kompyuta nyingine, folda zote zilikuwa zimegeuka vialama vya njia ya mkato, unabofya na hakuna kinachofunguka. Kirusi. Nikarudi steshenari. Pale nikaambiwa kwamba ile programu yao, ambayo ilikuwa ya kuvunjwa ufunguo, iligoma, na fundi alipokuja aliifuta mashine yote akaanza upya. Kurasa 143 hazikuwepo popote duniani.

Madaftari nilikuwa nayo, kwa hiyo mchezo haukufa. Lakini nilipokuwa nimekaa nyuma ya yule kijana, kila sentensi iliyosikika vibaya nilikuwa naibadilisha papo hapo kwa mdomo, naye anaipiga. Hayo masahihisho hayakuwa daftarini. Kulikuwa na mazungumzo ya bibi na mjukuu wake kisimani. Nakumbuka kwamba yalikuwa mazuri, nakumbuka hata yule kijana aliacha kupiga akacheka. Maneno yenyewe siyakumbuki mpaka leo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu programu ya kuandikia, swali langu la kwanza halihusu vitufe wala rangi za herufi. Namuuliza: andiko lako litafunguliwa na nani miaka 20 ijayo, na atalifungulia wapi?

Tuna mfano mkubwa kuliko wangu, na uko hapahapa Kanda ya Ziwa. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma seminari ya Rubya kule Bukoba, akarudi kuishi Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya kwa Kikerewe, juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Ndoa, uzazi, kilimo, uvuvi, dawa, misiba, namna ya kumkaribisha mkwe, yote aliyaweka humo kwa sababu aliona yanapotea. Hakupatikana mchapishaji wa kutoa kitabu katika lugha yenye wasomaji wachache namna ile. Andiko likakaa. Vita Kuu vilikwisha, uhuru ukaja, Azimio la Arusha likaja, andiko bado limekaa. Mzee mwenyewe, viungo vikiwa vimemshinda kwa maradhi, akalitafsiri lote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ndiyo iliyolitoa, mwaka 1981, juzuu mbili. Kitereza alifariki mwaka huohuo, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Watu wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, kwenye huzuni. Mimi naomba uendelee nami kidogo. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye ni mwandishi kutoka Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho, wachapishaji wakiwa Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Hakuitoa kwenye Kiswahili. Aliitoa moja kwa moja kwenye Kikerewe cha mwenyewe Kitereza. Maana yake lile andiko la 1945 lilikuwa bado lipo, na bado lilisomeka, baada ya miaka 57. Lilihitaji macho, mwanga na mtu anayejua Kikerewe.

Sasa chukua faili lililoandikwa kwa kompyuta mwaka 1985. Programu iliyotamba wakati huo iliitwa WordStar, ilitoka 1978. Ikaja WordPerfect, nayo ikatamba. Word ya Microsoft ilianza 1983. Sisi wakati huo tulikuwa mbali na mambo hayo, kwa sababu mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mlango haukufunguliwa vizuri hadi miaka ya 1990. Waandishi wetu waliendelea na tapureta na karatasi ya kaboni. Nawaambia vijana kwamba ile karatasi ya kaboni ilikuwa na akili: ulikuwa ukiandika mara moja unapata nakala mbili, bila kukumbuka kufanya chochote. Kule nje, aliyeandika kwa WordStar au WordPerfect na kuhifadhi kwenye diski laini, leo akitaka kulisoma faili lake lazima atafute kwanza mashine yenye mdomo wa kulimeza diski hilo, kisha atafute programu inayoelewa lile faili. Ni miaka 40 tu. Kitereza anamshinda.

Ndiyo maana kwanza nakwambia habari ya faili, halafu ndiyo tuje kwenye programu. Ukiandika na kuhifadhi, programu inaweka maneno yako ndani ya chombo. Chombo cha Word tangu toleo la 2007 huishia na herufi docx. Chombo kingine kinaitwa ODT, kilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, na maelezo yake yote yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyachukua akatengeneza programu ya kukifungua bila kumwomba mtu ruhusa. Docx nayo baadaye ilipata kiwango chake cha kimataifa. Jaribu jambo hili, mwanangu, ukiwa na laptopu yako. Chukua nakala ya faili la ODT, mwisho wa jina lake ondoa odt andika zip, kisha lifungue. Utaona ni kama furushi, limefungwa vitu kadhaa ndani. Kimojawapo kinaitwa content.xml. Kifungue kwa programu ndogo kabisa ya kuandikia, ile ya daftari inayokuja na kompyuta. Katikati ya alama nyingi utayaona maneno yako, sentensi zako, jina la mhusika wako. Siku ambayo programu zote za leo zitakuwa zimekufa, mtu mwenye subira ataweza kukitoa kitabu chako humo. Hiyo ndiyo karatasi ya Kitereza kwa zama hizi.

Nije kwenye lugha, maana hapa ndipo damu yangu huchemka.

Ukifungua programu ya kuandikia iliyowekwa kwa Kiingereza na kuandika Kiswahili, ukurasa mzima unapigwa mstari mwekundu. Kila neno ni kosa. Nimeona vijana wakizoea hali hiyo hadi hawaoni tena ule wekundu, na hapo makosa ya kweli hupita: "hakuna" inaandikwa "hakunaa", hakuna anayeshtuka, kwa sababu "hakuna" sahihi nayo ilikuwa nyekundu. Wengine wanazima kabisa ukaguzi. Lakini baya kuliko mstari mwekundu ni pale programu inapojifanya inakusahihisha. Andika "kalamu i wapi" katika programu yenye mazoea ya Kiingereza uone: ile "i" inageuzwa kuwa herufi kubwa, kwa sababu kwa Waingereza herufi hiyo ikisimama peke yake maana yake ni "mimi". Simu nayo, ukiandika "kama" inakupa "karma". Mwandishi wa Marekani George R. R. Martin, mwenye vitabu vilivyosomwa dunia nzima, alieleza mwaka 2014 kwamba bado anaandikia WordStar 4.0 kwenye kompyuta ya zamani, na moja ya sababu alizotoa ni kwamba hapendi programu inayomgeuzia herufi ndogo kuwa kubwa bila kutumwa. Yeye anaandika Kiingereza, lugha ambayo programu hizo zilizaliwa nayo, na bado anakereka. Sisi je?

Tunao waliolitambua jambo hili mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili: menyu kwa Kiswahili, ujumbe kwa Kiswahili. Wakati uleule Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, alitengeneza orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya ukaguzi wa tahajia katika programu huria. Na kabla yao Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alikuwa amekwisha tumia miaka mingi kuifundisha kompyuta jinsi neno la Kiswahili linavyojengwa, na kazi yake ndiyo iliyozaa kikagua tahajia cha Kiswahili kilichouzwa na kampuni ya Lingsoft ya hukohuko Finland.

Kwa nini ilihitaji miaka mingi? Chukua neno moja, "hatukumwandikia". Lina vipande saba: ha, tu, ku, mw, andik, i, a. Cha kwanza kinakanusha, cha pili kinataja watendaji, cha tatu kinasema ni wakati uliopita, cha nne kinamtaja aliyetendewa, cha tano ndicho mzizi, cha sita kinasema ilifanywa kwa ajili yake, cha saba kinafunga. Badilisha kipande kimoja upate neno jingine. Badilisha viwili upate jingine. Kutoka mzizi huo mmoja yanatoka maelfu ya maneno sahihi, na hakuna kamusi ya orodha itakayoyaandika yote. Kompyuta inayokagua Kiingereza inaweza kwenda mbali kwa orodha tu. Ya Kiswahili lazima ijue sarufi. Ndiyo maana hata leo, ukiweka ukaguzi wa Kiswahili, utaona baadhi ya vitenzi virefu vilivyo sahihi vikipigwa mstari. Usiogope. Bonyeza "ongeza kwenye kamusi", uendelee. Baada ya sura tatu utakuwa umeifunza programu Kiswahili chako, na mstari mwekundu utakaobaki utakuwa na maana.

Halafu kuna kile kialama cha "ng'". Sisi Wasukuma hatuwezi kuandika ukurasa bila hicho. Ng'ombe, ng'ambo, Ng'wanamalundi. Simu nyingi zinaweka kialama kilichosimama wima. Kompyuta nyingi zinakigeuza kuwa kialama kilichopinda. Kwa macho ni kilekile. Kwa baadhi ya programu ni vitu viwili tofauti, na ukitafuta "ng'ombe" katika riwaya yako uliyoandika nusu kwenye simu na nusu kwenye laptopu, utaletewa nusu ya ng'ombe wako. Binti, chagua kimoja tangu ukurasa wa kwanza. Mimi nimechagua cha wima, na ule ugeuzaji wa moja kwa moja nimeuzima.

Suala la bei nitalisema waziwazi. Word ya halali hulipiwa, siku hizi zaidi kwa mwezi au kwa mwaka. Ni programu nzuri, wachapishaji wengi wanaitumia, na anayeweza kuilipia ailipie. Lakini fundi atakayekuwekea Word kwa buku tano au kumi anakuwekea iliyovunjwa ufunguo. Kwanza, humo ndimo virusi vinamopandia. Kurasa zangu 143 ni ushahidi. Pili, mwanangu, wewe unaandika kitabu. Kesho utataka sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ikulinde, utataka mtu asitoe fotokopi ya riwaya yako na kuiuza stendi. Huwezi kulidai hilo ukiwa umeandika riwaya yenyewe juu ya kazi ya mtu uliyoichukua bila ruhusa. Na huna haja nayo, kwa sababu ya bure na ya halali ipo.

Inaitwa LibreOffice. Ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na ileile OpenOffice ambayo Dar es Salaam waliitafsiri. Ndani yake sehemu ya kuandikia inaitwa Writer. Hailipiwi, haina ufunguo wa kuvunja, haiishi muda. Kuipakua kunahitaji megabaiti zaidi ya 300, kwa hiyo usitumie bando lako la siku. Nenda mahali penye intaneti ya bure, au mwombe aliyenayo akunakilie kwenye flashi, na hilo linaruhusiwa kabisa. Unapoiweka, usibonyeze tu "endelea, endelea". Chagua njia ya kujichagulia mwenyewe, tafuta upande wa kamusi, tia alama kwenye Kiswahili. Kisha ukiwa ndani, uiambie kwamba lugha ya andiko lako ni Kiswahili cha Tanzania. Hapo vita vya mstari mwekundu vitapungua, na hakuna atakayegusa "i" yako.

Simu sitaidharau. Najua riwaya nyingi za Kiswahili sasa zinaandikwa kwa kidole gumba. Wapo wanaoandikia moja kwa moja ndani ya WhatsApp, wanajitumia wenyewe kipande kwa kipande. Hao nawasihi waache leo: simu ikiibwa au ikianguka kisimani, riwaya imekwenda nayo. Kwa simu, tumia Google Docs, ambayo ipo tangu 2006. Inahifadhi yenyewe kila unapoandika, inaweza kufanya kazi bila bando na kupeleka maandishi mtandaoni siku ukipata bando, na ukiharibu sura nzima unaweza kurudi kwenye ilivyokuwa juzi. Tangu 2017 kibodi ya Google inasikia pia Kiswahili, unasema nayo inaandika. Mimi natumia hiyo kwa mazungumzo ya wahusika. Natembea shambani nikiwasemesha, halafu jioni nasahihisha. Maneno ya mdomoni yana mapumziko ambayo vidole havijui kuyaweka. Ila usitegemee nywila moja kushika kazi ya miaka miwili. Kila mwisho wa wiki lishushe andiko, liweke pia kwenye laptopu.

Kuhusu WPS aliyokushauri rafiki yako: inafungua mafaili ya Word, ni nyepesi, na toleo la bure lina matangazo. Kusomea barua za ofisini inafaa. Riwaya nisingeikabidhi.

Jambo moja la ufundi, kisha niende. Nimepokea kazi za vijana ambapo kila kichwa cha sura kimesogezwa katikati ya ukurasa kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara 40. Ukiifungua kwenye mashine nyingine, vichwa vyote vimetawanyika kama mbuzi walioachwa na mchungaji. Kila programu nzuri ina mitindo: unaiambia "hiki ni kichwa cha sura", basi, mengine inayajua yenyewe, na mwisho inakutengenezea yaliyomo pamoja na namba za kurasa. Jifunze hilo siku ya kwanza. Na kwa wale mnaoniandikia michezo ya redio: herufi ukubwa wa 14, mistari iachane, andika upande mmoja wa karatasi, na sentensi isianzie ukurasa huu ikaishia ule, kwa sababu karatasi inapogeuzwa kipaza sauti kinasikia.

Nimalizie na marudio. Wachimbaji wa Geita na Kahama wanalijua neno hili. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, na mchanga ukishaoshwa mwaloni, kinachobaki hakitupwi. Kinarundikwa, kinaitwa marudio, na kina mnunuzi wake, kwa sababu dhahabu bado imo. Hata Maganzo, ardhi ambayo almasi zake zimechimbwa tangu mwanajiolojia Williamson alipozigundua mwaka 1940, hadi leo wapo watu wanaoishi kwa kuchekecha tena mchanga uliokwisha chekechwa. Andiko lako nalo lina marudio. Sura uliyoiandika vibaya mwezi wa tatu ina sentensi mbili utakazozitaka mwezi wa tisa. Kwa hiyo usihifadhi kila siku juu ya faili lilelile. Kila Jumamosi hifadhi faili jipya lenye tarehe katika jina lake, la zamani liache. Maneno hayana uzito: riwaya nzima ya maneno matupu ni ndogo kuliko picha moja ya simu yako. Una nafasi ya marudio ya maisha yako yote.

Basi, mwanangu wa Maganzo, jibu langu ni hili. Weka LibreOffice. Hifadhi kwa ODT. Mchapishaji akitaka docx, programu hiyohiyo itakutolea docx, mtumie hiyo nawe ubaki na ya kwako. Nakala moja iwe kwenye laptopu, moja kwenye flashi isiyokwenda steshenari, moja mbali kwenye akaunti yako ya intaneti. Zile kauntabuku tatu usiziwashie moto wala usimpe mtu afungie karanga. Na siku ukiandika sentensi ya mwisho, tafuta fedha uprinti nakala moja kamili, uifunge kwa uzi, umpe mama yako aiweke ndani ya sanduku lile lenye vyeti vyako vya shule.